Damu Isemavyo juu ya Homa ya Ini

Mkazi wa Mwiki, huko Ruiru kwenye mpaka wa kaunti za Kiambu na Nairobi, apimwapo homa ya ini ya aina ya B kwa kile kipimo cha haraka kihitajicho tone la damu na subira ya robo saa, hujibiwa jambo moja tu, nalo ni kuwamo au kutokuwamo kwa antijeni ya ganda la kirusi. Na jibu hilo, ijapokuwa ni la lazima, halimjulishi kama maradhi yameingia majuzi au yamekaa naye tangu utotoni.

Antijeni hiyo iligunduliwa katika miaka ya 1960 na tabibu Mmarekani, Baruch Blumberg, aliyeona damu ya mgonjwa aliyekwisha kuongezwa damu mara nyingi ikifanya mstari wa mashapo ilipokutana na damu ya mwenyeji wa asili wa Australia; naye akatunukiwa Nobel mwaka 1976. Hapa kwetu Kenya taasisi ya utafiti wa tiba, KEMRI, kwa msaada wa Wajapani, ilitengeneza kipimo chake yenyewe, Hepcell, ambacho kwa maoni yangu chastahili taadhima kubwa. Chembe nyekundu za damu zilipakwa kingamwili, zikachanganywa na majimaji ya damu ya mchangiaji katika vishimo vya kisahani: antijeni ikiwamo, chembe zilishikana zikatandaa kama mkeka juu ya kitako cha kishimo, isipokuwamo, ziliteremka zikakusanyika nukta moja katikati, hata mpimaji akapambanua kwa macho yake pasipo mashine ya thamani.

Hata hivyo hali ya mtu haibainiki mpaka visomwe pamoja vipimo vitatu, yaani antijeni ya ganda, kingamwili za ganda, na kingamwili za kiini cha kirusi. Chanjo, kwa kuwa ina ganda bila kiini, humpa mtu kingamwili za ganda peke yake. Aliyeugua akapona aghalabu huwa nazo za aina zote mbili. Na mwenye antijeni pamoja na kingamwili za kiini ndiye aliye na maradhi mwilini, ambayo yakipita miezi sita huitwa sugu. Hadhari kubwa ni ya kile kipindi cha katikati, antijeni imekwisha kutoweka na kingamwili za ganda hazijazuka, ambapo zile za kiini tu ndizo hufichua yaliyopita.

Mwenye maradhi sugu hupimwa tena wingi wa virusi na vimeng'enya vya ini, ndipo tabibu aamue kama mgonjwa ataanza dawa ya tenofovir sasa au ataangaliwa kwanza. Jamaa zake nao wapimwe, maana Kenya ilianza kuwachanja watoto wachanga mwaka 2001 tu, na wengi waliozaliwa kabla ya hapo hawakuipata. Asiyeonekana na lolote katika vile vipimo vitatu huchanjwa, sindano tatu katika muda wa miezi sita.