Kabati la Vitabu Halitiwi Nanga

Istilahi mbaya kwa kawaida humsumbua msomaji tu. Ni mara chache humwumiza. Katika makala haya twapenda kuzijadili zile ziwezazo kuumiza. Katika nyumba moja ya kata ya Nangara, mjini Babati, tulionyeshwa karatasi ya maelekezo iliyokuja pamoja na kabati refu la vitabu. Kabati lenyewe lilisimama sebuleni, likimpita mtu mzima kwa kimo, nalo halikushikwa na kitu chochote. Skrubu zake zilikuwa bado mfukoni mwake. Mwenye nyumba, msomaji hodari wa Kiswahili, alituambia kuwa aliyafuata maelekezo neno kwa neno. Tulipoyasoma, tulimwamini.

Hatari yenyewe haina fumbo. Kabati refu lina kitako chembamba; vitabu vizito vikiwekwa juu, msukumo mdogo huupeleka uzito mbele ya miguu yake, nalo huanguka. Mtoto apandaye rafu kama ngazi atosha kuliangusha. Sakafu isiyo sawa humsaidia. Mwaka 2016 kampuni ya IKEA iliwataka wateja wake wa Marekani waache kutumia au warudishe makabati ya nguo yapatayo milioni 29 ambayo hayakukazwa ukutani, baada ya watoto kufa kwa kuangukiwa. Mwaka huo huo, tarehe 10 Septemba, tetemeko la ardhi liliutikisa mkoa wa Kagera. Na Babati nayo imo katika Bonde la Ufa.

Sasa tuyatazame maneno. Karatasi ile yaliita kabati hilo "shubaka". Shubaka ni uwazi uliochimbwa au kujengwa ndani ya ukuta, kama zilivyo zidaka za nyumba za mawe za Lamu zilizopangwa vyombo vya thamani. Shubaka haliwezi kumwangukia mtu, maana ni sehemu ya ukuta. Kukiita shubaka kitu kisimamacho mbele ya ukuta ni kuificha hatari kwa jina la kitu salama. Twaonelea "kabati la vitabu" litoshe, hata likiwa halina milango.

Pili, msomaji aliambiwa "aliegemeze" kabati ukutani. Neno hili ni la Kiswahili safi, na ndiyo maana linadanganya. Kilichoegemezwa hakikufungwa, ngazi huegemezwa, na kila mtu ajua ngazi huteleza. Mwenye nyumba aliegemeza, akaridhika.

Tatu, aliamriwa "atie nanga". Hapa mtafsiri alikuta neno la kigeni lenye maana mbili akachukua ile ya baharini. Nanga hukizuia chombo kisichukuliwe na maji, lakini hukiacha kiyumbe. Sisi twataka kabati lisiyumbe kabisa.

Nne, na hili ndilo baya zaidi, aliambiwa atie "plagi" ukutani. Katika nyumba yenye umeme, sentensi hiyo ina maana moja tu, nayo haihusiani na vitabu. Kinachotajwa ni kile kipande cha plastiki kinachotangulizwa tunduni ili skrubu ikiingia kipanuke na kubana. Mafundi wetu wanayo kazi iliyo jirani na hiyo: mpini wa nyundo ukilegea hutiwa kabari. Twapendekeza "kabari ya skrubu".

Kwa tendo lenyewe twapendekeza "kukaza ukutani". Tulilifikiria "kufunga", lakini kufunga kabati ni kufunga milango yake. Tulilifikiria pia "kushikiza", lakini kwa mshonaji kushikiza huweza kuwa ni kupitisha uzi wa muda tu. Skrubu hukazwa, basi na kabati likazwe, na kile kipande cha chuma au ukanda uliunganishao na ukuta kiitwe "kikazo".

Lakini hata istilahi nzuri haitoshi ikiwa neno "ukuta" litaachwa bila maelezo. Kuta zetu si za namna moja. Katika tofali la kuchoma, tundu litobolewe ndani ya tofali lenyewe, wala si katika lipu tu, ndipo kabari itiwe. Katika ukuta wa miti na udongo, kikazo kikazwe katika mti, maana udongo haushiki skrubu. Tofali bichi nalo humomonyoka. Mwenye ukuta huo afadhali atumie makabati mafupi.

Wako watakaosema kwamba haya ni ya fundi, si ya mwanaistilahi. Sisi hatukubali. Fundi huitwa na mtu aliyekwisha kusoma akajua kwamba anamhitaji. Aliyeambiwa aegemeze hamwiti mtu. Kosa letu sisi wenye kazi hii ni kuyapima maneno mezani, mbele ya kamusi, bila kumpa mtu karatasi na bisibisi tukaona atafanya nini.

Tulipoondoka Nangara tuliacha sentensi mbili zimeandikwa nyuma ya karatasi ile: "Kaza kabati ukutani kabla ya kupanga vitabu. Vitabu vizito viwe chini." Mwenye nyumba alizisoma mara moja, akauliza ni wapi atapata keekee ya kuazima. Twadhani hicho ndicho kipimo cha istilahi.