Je, Kuiga Humlaza Mungu? Neno la Mchoraji Elimo Njau na Kazi ya Mhubiri

Utangulizi

Katika vyuo vyetu vya teolojia sanaa huhesabiwa kuwa pambo. Mchoraji huitwa jengo la kanisa likiisha kwisha, naye huulizwa gharama ya rangi na siku za kazi. Ni nadra kuulizwa anaamini nini juu ya kazi ya mikono yake. Hata hivyo, wako wasanii wa wakati wetu waliofikiri kwa kina juu ya jambo hilo, na baadhi yao wamesema maneno ambayo mwanateolojia hana budi kuyajibu. Katika makala hii tunakusudia kulichunguza neno moja la namna hiyo, yaani onyo la mchoraji Elimo Njau juu ya kuiga. Tutalipima kwa kazi zake mwenyewe, kisha kwa kazi za wachoraji wengine, halafu kwa Maandiko. Mwishoni tutaliuliza linatudai nini sisi tunaopanda mimbarani kila Jumapili.

Msanii na neno lake

Elimo Njau alizaliwa mwaka 1932 katika nchi ya Wachaga, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ambako wamisionari wa Leipzig walikuwa wamefika mwaka 1893. Katika miaka ya 1950 alisoma sanaa Makerere, katika shule iliyoanzishwa na Bi. Margaret Trowell, mwalimu Mwingereza aliyewahimiza wanafunzi wake wachore maisha waliyoyajua. Baadaye, mwaka 1965, Njau na wenzake walianzisha mjini Nairobi kituo cha sanaa kiitwacho Paa ya Paa. Jina hilo lina mchezo wa maneno ambao kila msomaji wa Kiswahili huutambua mara moja: paa ni mnyama, na kupaa ni kwenda juu. Mnyama aliyezoeleka kuchongwa na kuuzwa kwa watalii anaacha kuwa kitu cha kuuzwa, naye anapaa.

Katika kituo hicho Njau aliweka onyo ambalo limejulikana kuliko picha zake nyingi. Aliwaambia wasanii wasiige, kwa kuwa kuiga humlaza Mungu usingizi.

Tusilichukue neno hili kama kibao cha dukani. Ndani yake mna fundisho juu ya uumbaji. Kwa Njau, Mungu hakumaliza kazi yake siku ya sita na kuwaachia wanadamu ghala ya mifano ya kunakili. Angali akifanya kazi, naye huifanya kwa njia ya jicho na mkono wa mtu anayetazama kweli kweli kilicho mbele yake. Anayenakili picha ya mwenzake ameacha kutazama, na kwa hiyo ameizuia kazi hiyo isipite ndani yake. Aidha, tukumbuke neno hili lilisemwa wakati gani. Kizazi cha Njau kilikuwa kimefundishwa kwamba kizuri ni kile kinachofanana na cha Ulaya. Kuwaambia vijana wa kizazi hicho wasiige kulikuwa ni kuwaambia kwamba Mungu aliwaona wao pia, na kwamba nchi yao ilistahili kuchorwa.

Kuta za Murang'a

Lakini neno la msanii juu ya sanaa yake si lazima liwe ukweli wote. Yatupasa kulipima kwa kazi yenyewe. Huko Murang'a, mji uliokuwa ukiitwa Fort Hall, liko kanisa kuu la Kianglikana la Mtakatifu Yakobo na Mashahidi Wote. Lilijengwa kuwa kumbukumbu ya Wakristo wa Kikuyu waliouawa katika miaka ya Mau Mau. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Njau alichora kwenye kuta zake picha tano kubwa: kuzaliwa kwa Yesu, ubatizo wake, karamu ya mwisho, Gethsemane na kusulubiwa. Watu waliomo ni Waafrika, na nchi inayoonekana nyuma yao ni nchi ya vilima ambayo washarika waliiona walipotoka mlangoni.

Mambo mawili yatushangaza hapa. La kwanza ni ujasiri wa kazi hiyo. Hali ya hatari ilikuwa haijaondolewa rasmi. Iliondolewa mwaka 1960. Katika nchi iliyotoka kumwaga damu, na ambayo bado ilikuwa na watu wake vizuizini, Kristo alichorwa akiteseka kama mtu wa nchi ile ile. Aliyeketi mbele ya picha hiyo hakuweza tena kusema kwamba msalaba ni habari ya watu wa mbali. Nakala ya picha ya Ulaya, hata kama ingekuwa nzuri mara mbili, isingeweza kusema jambo hilo. Hapa onyo la Njau limethibitishwa na brashi yake.

La pili linaelekea upande mwingine. Katika picha zile tano hamna hata moja ambayo habari yake ilibuniwa na Njau. Zote tano alizipokea. Alizipokea kutoka kwa wainjilisti wanne, na pia kutoka kwa wachoraji wa karne nyingi waliokwisha kuzichagua habari hizo na kuzipanga kwenye kuta za makanisa. Bila mapokeo hayo asingekuwa na la kuchora, wala washarika wasingetambua wanachokiona. Mtu aliyeonya juu ya kuiga alifanya kazi yake iliyo kuu kwa kufuata nyayo za wengine. Je, alijipinga? Sisi twaona kwamba mkono wake ulijua jambo ambalo neno lake halikulisema lote.

Wanafunzi wa Tingatinga

Jambo hilo laonekana wazi zaidi tukimtazama mchoraji mwingine, ambaye naye husemwa kuwa alizaliwa mwaka ule ule wa 1932. Edward Saidi Tingatinga alitoka Tunduru, kusini mwa Tanzania, akaenda Dar es Salaam kutafuta riziki. Hakupata Makerere wala mwalimu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alianza kuchora wanyama na ndege kwa rangi za mafuta za kung'aa juu ya vipande vya hadibodi, akaviuza kwa wapita njia. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi za polisi waliomdhania kuwa mhalifu. Kazi yake ilikuwa imedumu miaka michache tu.

Iliendelea kwa njia ya kuiga. Ndugu na jamaa aliokuwa amewafundisha walichora kama yeye, wakawafundisha wengine, na mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika. Hata leo mwanafunzi wa mtindo huo huanza kwa kufuata mistari ya aliyemtangulia. Ukipita kwenye vibanda vyao utaona chui yule yule mara ishirini, na hapo utakubali mara moja kwamba Njau alisema kweli: kuna chui aliyechorwa na mtu asiyemwona tena chui, bali amwona mnunuzi. Lakini kaa zaidi. Kati ya wale ishirini utamkuta mmoja ambaye shingo yake imegeuka kwa namna ambayo fundi wa kwanza hakuifikiria, na nyuma yake mna soko, hospitali na harusi ya kijiji. Mchoraji huyo alifika hapo kwa kuiga miaka mingi, mpaka mkono ukawa huru. Kwa hiyo swali la kuiga au kutoiga halitoshi. La kuuliza ni kama aliyeiga aliendelea kutazama.

Ni nani aliyelala?

Sasa tuyasikilize Maandiko. Neno la Njau, likichukuliwa kama lilivyo, lagongana na Zaburi ya 121, isemayo kwamba mlinzi wa Israeli halali usingizi wala hasinzii. Katika Biblia mungu anayedhaniwa kuwa amelala ni Baali, ambaye Eliya aliwakejeli manabii wake juu ya mlima Karmeli (1 Wafalme 18:27). Hapa ndipo neno la mchoraji linapopata makali ambayo pengine yeye mwenyewe hakuyakusudia. Ikiwa mungu wetu aweza kulazwa kwa kunakili, basi huyo ni mungu tuliyejitengenezea, nasi tuliokuwa tukinakili ndio tuliolala. Mungu aliye hai yu macho, naye angali akiwatembelea watu wake katika nchi yao, wakati sisi tumeinamia karatasi ya mwingine.

Tena Maandiko hayakatazi mfano. Katika Kutoka sura ya 31 Bezaleli anajazwa Roho wa Mungu kwa ajili ya kazi ya fundi: dhahabu, mawe, miti. Fundi huyo huyo anatumikia agizo ambalo Musa alipewa katika sura ya 25, kwamba kila kitu kifanywe kwa mfano ulioonyeshwa mlimani. Roho na mfano havikuvutana. Naye Paulo, anapoandika juu ya Chakula cha Bwana kwa Wakorintho, asema kwamba amewapa kile ambacho yeye mwenyewe alikipokea. Sisi Walutheri twapaswa kulijua hili kuliko wote. Katika utangulizi wa Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, Luther anawashauri wachungaji wachague namna moja ya maneno na kuishika pasipo kuibadilisha, ili vijana wasichanganyikiwe. Lakini hakuishia hapo. Wakiisha kuyashika maneno, ataka wafundishwe maana yake, kisha waende kwenye Katekisimo Kubwa. Kukariri ni mlango, na mwenye kusimama mlangoni siku zote bado hajaingia nyumbani.

Onyo hili na mimbari

Yafaa tuseme kwa nini jambo hili linatugusa. Tulipokuwa vijana katika usharika wetu wa kwanza, juma moja lilijaa mazishi, na Jumamosi usiku ikatukuta bila hubiri. Tulichukua kitabu cha mahubiri kilichotafsiriwa kutoka Ulaya, tukalisoma moja neno kwa neno, pamoja na mfano wake wa msafiri aliyepotea katika theluji. Baada ya ibada mama mmoja mzee alitushika mkono akasema, "Mchungaji, leo umehubiri vizuri. Ila sikujua ulikuwa unawahubiria akina nani." Hakusema kwa ukali. Wawili kati ya waliozikwa juma lile walikuwa wajukuu zake.

Fundisho la hubiri lile lilikuwa sahihi, na wala hatudai kwamba mhubiri asisome mahubiri ya wengine. Asiyesoma hurudia yaliyo yake, na huko nako ni kunakili. Kosa letu lilikuwa kwamba hatukumtazama mama yule. Siku hizi jaribu hilo limekuwa kubwa zaidi, kwani ziko programu za kompyuta ziwezazo kumwandikia mchungaji hubiri zima kwa dakika moja, lenye sehemu tatu na hitimisho, pasipo theluji. Litapita mtihani wa mafundisho. Lakini programu haikukaa matangani.

Hitimisho

Tumeona kwamba onyo la Elimo Njau ni la kweli nusu, na nusu hiyo ni ya thamani. Kuiga si dhambi. Kanisa huishi kwa kupokea, na picha za Murang'a zenyewe ni ushahidi. Lakini kupokea bila kutazama ni usingizi wetu, hata kama maneno yote ni sahihi. Mwaka 1997 moto uliteketeza majengo ya Paa ya Paa pamoja na kazi nyingi zilizokuwamo, na bado kituo kiliendelea baada ya hapo, kwa kuwa walichokuwa wamekipokea hakikuwa kwenye turubai peke yake.

Twapendekeza basi kwa ndugu zetu walimu na wanafunzi zoezi lililo jepesi. Kabla ya kufungua kitabu cha mahubiri siku ya Jumamosi, mhubiri aandike kwenye kipande cha karatasi majina matatu ya watu watakaoketi mbele yake kesho, na kando ya kila jina jambo moja aliloliona kwa macho yake juma hilo. Akishindwa kuandika, avae viatu atoke kwanza. Kitabu atakikuta atakaporudi.