Schutzgebiet: Ulinzi au Amri?

Tufundishapo habari za Burundi chini ya Wajerumani, tumezoea kulifasiri neno lao Schutzgebiet kuwa "nchi ya himaya" au "nchi iliyolindwa". Tafsiri hizi ni pungufu, na yafaa walimu wa Kiswahili wazipime upya.

Neno hili ni ambatani la sehemu mbili. Schutz ni ulinzi. Gebiet leo ni eneo. Lakini asili yake ni kitenzi gebieten, yaani kuamuru. Katika Kijerumani cha kale Gebiet lilitaja amri na mamlaka, kisha likahamia kwenye ardhi inayofikiwa na amri hiyo.

Hapa sarufi za lugha hizi mbili zaachana. Katika Kiswahili kichwa cha neno ambatani hutangulia: mwanamaji ni mwana, si maji. Katika Kijerumani kichwa huja mwisho. Basi Schutzgebiet kwanza ni mahali pa amri. Ulinzi ni sifa tu iliyotangulizwa. Mfasiri ashikaye ulinzi na kuiacha amri amekifanya kilemba kuwa kichwa.

Historia yaunga mkono sarufi. Mwishoni mwa karne ya 19 Wajerumani waliweka kituo cha kijeshi Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo. Mwami Mwezi Gisabo alipokataa kuwatii, walimpiga vita. Kwa mkataba wa Kiganda wa mwaka 1903 akalazimika kuukiri utawala wao na kulipa faini ya ng'ombe 424. Mlinzi gani humtoza faini amlindaye?

Huenda ikasemwa kwamba "himaya" latosha, kwa kuwa neno hilo, lililotoka katika Kiarabu kwa maana ya ulinzi, siku hizi hutumika pia kwa milki na dola. Hoja hii ina uzito: Kiswahili nacho kimeuona ulinzi ukigeuka utawala. Hata hivyo, neno lenye maana mbili humwachia mwanafunzi achague iliyo tamu.

Twapendekeza "nchi iliyotawaliwa kwa jina la ulinzi". Ni maneno mengi, lakini utawala umetangulia na ulinzi umefuata. Mwanafunzi wa Bujumbura, asomaye habari za babu zake, anastahili tafsiri isiyomficha nani aliamuru na nani aliamriwa.