UHAKIKI: Istilahi Inapofika Kwenye Waya

Mara nyingi tunahakiki istilahi tukiwa na kamusi mezani. Safari hii tuzipime mkononi mwa fundi. Tumchukue fundi wa Kinyamaseke, kwenye barabara iendayo Bwera na mpaka wa Mpondwe. Nyumbani husema Lukonzo, sokoni hukutana na Kiswahili cha Wakongomani, na ufundi wa umeme alijifunza kwa Kiingereza. Marekebisho ya Katiba ya 2005 yalikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili ya Uganda. Je, kitamfaa katika mtambo kama ule wa saruji wa Hima, wilayani mwake Kasese?

Kazi yenyewe ni kuunganisha kifaa kinachopima joto la tanuri na moduli ya kupokelea ishara, ili kidhibiti, yaani kompyuta inayoendesha mitambo, kijue la kufanya.

Neno la kwanza linakwama: "sensa". Kwetu sensa ni kuhesabu watu. "Kihisi" hueleza kazi yake, nasi tunakiunga mkono.

La pili ni "analojia". Wanaisimu tayari wanalitumia kwa mlinganisho wa maumbo, na mwanafunzi wa umeme halimwambii chochote. "Ishara endelevu" nayo inatupeleka kwenye mazingira na maendeleo. Afadhali "ishara ya mfululizo": hupanda na kushuka kidogo kidogo kama joto lenyewe, tofauti na swichi, ambayo ama imewaka ama imezimwa.

Kasoro kubwa zaidi imo katika neno tulilolizoea: "sifuri". Katika mfumo wa miliampia 4 hadi 20, kiwango cha chini kabisa cha kipimo huletwa na miliampia 4. Mkondo ukifika 0, huenda waya umekatika. Mwalimu akisema "sifuri" tu, fundi atadhani tanuri limepoa, kumbe hakuna habari inayofika. Tunapendekeza "sifuri hai" kwa ile 4, na "mkondo umekatika" kwa 0.

Vivyo hivyo, kihisi cha waya mbili hupata umeme kwenye waya zilezile za ishara. Cha waya nne hulishwa umeme kwa waya zake za pekee. Maelezo yanayochanganya hivyo viwili yanaweza kuunguza moduli.

Walimu wenzetu, istilahi haitoshi kuwa sanifu. Kabla ya kuiandika ubaoni, tumuulize fundi: ukilisikia neno hili, mkono wako utakwenda wapi?