Kwadi ya otomatiki na mufuko wa birayi



Wiki mbili zilizopita, kamati ya kooperative moja ya wakulima wa birayi mu Masisi ilinipigia simu. Wamechanga makuta kwa misimu mitatu, na sasa wanataka kununua kwadi, ni kusema ile pikipiki ya pine ine, otomatiki, yenye vyuma vya kubebea muzigo mbele na nyuma. Waliiona kwa ferme ya jirani ikipanda mulima siku ya mvua bila kuteleza, wakasema: "Hii njo dawa ya birayi vyetu." Swali lao lilikuwa moja tu: "Agronomi, wewe uliiendesha. Tununue ama tuache?"

Niliiendesha kweli. Baada ya licence nilifanya miezi sita kwenye ferme ya ng'ombe upande wa Mushaki, kazi ya malisho, na kwadi ya mwenye ferme ilikuwa mukononi mwangu karibu kila siku. Jina la kampuni sitalitaja, juu sitaki kumuharibia mutu soko, na tena kwadi nyingi za ukubwa wa kati zinafanana: moteri ya sentimita kyubu 400 hadi 500, uzito karibu kilo 300, upana karibu mita 1 na sentimita 20, kiti cha mutu mumoja. Jibu nililowapa wale wa kamati ninaliandika hapa pia, juu wengi wetu tunafanya kazi katika miradi, na ombi la "mashine ya kubeba mavuno" linarudi kila mwaka.

Kwanza nitoe haki yake. Kwadi ni mashine nzuri, na nilipoishika mara ya kwanza niliipenda kabisa. Hakuna embreyaji, hakuna kubadilisha vitesi kwa muguu. Unasukuma kidole gumba, inaenda. Kuko herufi chache tu: H ya mwendo wa kawaida, L ya polepole yenye nguvu, R ya kurudi nyuma. Mutu ambaye hajawahi kuendesha kitu chochote anaweza kuanza siku ile ile. Ukiweka traksio ya pine zote ine, unapanda mahali ambapo motari anashuka na kusukuma.

Pine zake zinanifurahisha hata leo kama agronomi. Zinajazwa upepo kidogo sana, karibu psi 5, wakati pine ya gari inaenda kwenye 30 na zaidi. Kwa hiyo zinatandaa juu ya udongo, hazichimbi. Kwenye malisho yetu ya kikuyu, wakati wa mvua, pikipiki inaacha mufereji, na mufereji ule njo mwanzo wa mumomonyoko. Kwadi inaacha alama tu, na baada ya siku chache majani yanasimama tena. Kubeba chumvi ya ng'ombe, waya wa uzio, pampu ya dawa ya kupe, ama ndama mugonjwa: kwa kazi ile, mu ferme, sijaona kitu kinachoishinda.

Sasa tuangalie mufuko wa birayi.

Vyuma vya kubebea vya kwadi za ukubwa huu vina kipimo, na kipimo kimeandikwa kwenye mashine yenyewe: mara nyingi karibu kilo 40 mbele na kilo 80 nyuma. Mufuko wa kwetu unapita kilo 100. Ni kusema mashine ya kilo 300, yenye sura ya ng'ombe dume, haina ruhusa ya kubeba mufuko mumoja muzima nyuma. Unapaswa kugawanya. Tufanye hesabu pamoja: mavuno ya tani 3, kwa kilo 120 kila safari, ni safari 25. Pikipiki ya kawaida, yenye mufuko mumoja nyuma, ni safari 30. Tofauti ni ndogo sana, na bei haifanani hata kidogo. Kule Marekani kwadi mupya ya aina hii inapita dola 6,000, mbele ya kuhesabu meli, forodha na njia ya kuifikisha Goma. Kwa makuta yale unapata pikipiki ine, pengine na zaidi.

Mutu atasema: kuko remorki. Ni kweli, na hapo njo kwadi inapata nguvu yake. Kwadi ya ukubwa huu inaweza kuvuta kilo mia ine, zingine hadi mia sita. Lakini hesabu ile ni ya tambarare, na Masisi hakuna tambarare. Kwenye mushuko, remorki inasukuma kutoka nyuma, na kuko kwadi ambazo moteri yake haisaidii sana kushika. Tuseme basi kilo 300 kwa busara: tani 3 zinakuwa safari 10. Hiyo ni hesabu nzuri. Lakini inahitaji njia ya upana wa mita moja na nusu, kutoka shambani hadi barabarani.

Nani kati yenu anaijua njia ile mu Masisi? Kutoka shamba la mukulima hadi barabara kubwa kuko kijia cha muguu, kipana kama bega la mutu. Kuko vijito, na juu ya kila kijito kuko miti miwili ama mitatu. Motari anapitisha pine yake juu ya muti mumoja, huku mwenzake anashika nyuma. Kwadi inahitaji daraja zima. Kwenye ferme hatukuwa na shida ile, juu ferme ilikuwa imejitengenezea njia zake ndani ya uzio. Siku tulipojaribu kutoka nje ya uzio kwenda kusaidia majirani kwenye mavuno, tulisimama kwenye kijito cha kwanza. Tukaacha kwadi pale, tukabeba kwa mugongo.

Kuko na mushazari. Kijia kinapokata mulima kwa upande, pikipiki inabaki wima, juu pine zake ziko kwenye mustari mumoja. Kwadi inafuata mulima, inalala na mulima. Uzito wa juu ukizidi, inapinduka, na kilo 300 zinaanguka juu ya mwendeshaji. Hii si hofu yangu mwenyewe. Australia, kupinduka kumeua wakulima wengi hadi serikali ikatoa sheria: tangu Oktoba 2021, kwadi mupya ya kazi haiuzwi bila chuma cha kumukinga mwendeshaji. Honda na Yamaha waliacha kuuza kwadi za aina ile kule kuliko kuongeza chuma. Sasa fikiria kwetu, ambako kiti cha mutu mumoja kitakaliwa na watu watatu na mufuko. Hakuna motari wa Masisi anayeendaka peke yake.

Jambo la otomatiki nalo tuliseme vizuri, juu njo linalovutia watu. Ndani ya kwadi nyingi hakuna meno ya vitesi kama ya pikipiki. Kuko mukanda wa mupira kati ya magurudumu mawili yanayojibana na kujifungua. Ukiongeza mwendo, mukanda unapanda upande mumoja na kushuka upande mwingine, na mashine inabadilisha nguvu yenyewe. Ni akili nzuri. Lakini mukanda ule una maadui wawili: maji na muzigo muzito kwa mwendo wa polepole. Maji yakiingia ndani ya boksi, mukanda unateleza; unapaswa kufungua kizibo cha chini, kutoa maji, na kukausha moteri ikiwa inazunguka bure. Na ukipanda na muzigo bila kuweka L, mukanda unaungua.

Kwetu uliungua mwezi wa pili. Muchungaji mumoja alipanda na miti ya uzio, akiwa kwenye H, juu hakuna aliyemuelezea tofauti. Mimi njo nilipaswa kumuelezea, kwa hiyo kosa lilikuwa langu. Tulisikia harufu ya mupira, kisha moteri ikalia bila kwadi kusogea. Mukanda haukupatikana Goma, haukupatikana Bukavu. Uliagizwa kupitia Kampala, na tulingoja wiki tano. Wiki tano zile, mashine ya bei kubwa kuliko zote mu ferme ilikuwa kiti cha kuku. Betri nayo ikizima, huwezi kusukuma ili iwake kama pikipiki, juu bila moteri kuzunguka mukanda haushiki. Wakati ule ule, pikipiki ya muchungaji ilivunjika mara tatu, na mara tatu fundi wa sentre aliitengeneza mbele ya jua kuzama.

Baadaye kazi ilinipeleka Walikale, na nilijiuliza pengine kule, mu pori, kwadi ingepata nafasi yake. Walikale si Masisi: uko chini, joto, miti mikubwa, udongo mwekundu unaokamata muguu. Kule nimekutana na watu wanaobeba kilo 50 kwa mugongo, safari ya siku mbili kwa muguu. Ukiona mutu yule, unataka kumupatia mashine yoyote. Lakini vijito vya Walikale ni vingi kuliko vya Masisi, na maji yanafika kiunoni: mukanda hautapona. Na pyesi kule inafikaka aje? Kwa pikipiki kupitia barabara ya Hombo, siku barabara inapitika, ama kwa ndege ndogo, na ndege unalipa kwa kilo. Kama tulingoja wiki tano mu Masisi, Walikale tungengoja ngapi?

Kuko jambo lingine linalosemwa kwa sauti ya chini. Pikipiki ni nyingi, zote zinafanana. Kwadi iko moja katika groupement nzima. Kila kizuizi kinaijua, kila mwenye bunduki anaijua. Mwenye ferme ana watu wa kumusemea. Kooperative ya mama na wazee haina.

Nikiweka yote pamoja, naona kwamba kwadi inajibu swali la mutu mwingine. Ilitengenezwa kwa mutu mwenye shamba lake lote mahali pamoja, New Zealand ama Texas, anayezunguka ndani ya uzio wake. Mutu yule tunaye mu Masisi: ni mwenye ferme. Sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973 ilifanya udongo wote kuwa mali ya Serikali, na watu wanaushika kwa konsesio. Kwetu konsesio kubwa za ng'ombe na vipande vidogo vya wakulima vinakaa uzio kwa uzio. Mukulima wa birayi ana vipande vitatu ama vine, kila kimoja kwenye mulima wake, na mara nyingi kimoja ni cha kukodi. Shida yake haiko ndani ya shamba. Iko kati ya shamba na barabara, na kati ya barabara na soko la Sake ama Goma. Kwadi inafanya kazi vizuri hadi kwenye uzio, na shida ya mukulima inaanzia pale pale.

Angalieni chukudu. Ni mbao ya eukaliptusi, magurudumu ya mbao yaliyovikwa mupira wa pine ya zamani, freni ni kipande cha mupira unachokanyaga. Haina moteri, kwenye mupando unasukuma hadi damu inapanda kichwani. Lakini inabeba mifuko mitatu, ine, kwenye mushuko, na ikivunjika seremala wa kijiji anaitengeneza kwa muti uliokua pale. Ilizaliwa kwa swali la hapa. Sisemi turudi kwenye chukudu. Sitaki mutoto wa mutu aendelee kusukuma vile. Nasema mashine tunayoitafuta iulizwe maswali ambayo chukudu ilijibu: inapita njia gani, inabeba mufuko muzima, nani anaitengeneza?

Kwa hiyo nilijibu kamati: musinunue. Nunueni pikipiki mbili za kazi, za aina ambayo fundi wenu anaijua. Wekeni makuta ya pyesi pembeni. Kinachobaki, nunueni mbao na misumari, mufanye salongo, mupanue kijia na kujenga madaraja manne ya vijito.

Mwenye kushika sanduku, mama mumoja, aliniuliza: "Agronomi, pikipiki haifiki kwenye shamba langu la juu. Mufuko ule nitaendelea kuubeba mugongoni?" Sikuwa na jibu la haraka. Nilimwambia ukweli: mwaka huu, ndiyo. Kijia kikifika kwake, na kikiwa na mita moja na nusu, tutaongea tena hata juu ya remorki, na pengine hata juu ya kwadi. Alisema basi salongo ianzie kwake. Naona ana haki, na kamati imekubali.

Kama kuko kati yenu mwenye kwadi ambayo imefanya zaidi ya misimu miwili ya mvua kwa wakulima wadogo, si kwa ferme, atuandikie hapa chini: mukanda aliutoa wapi, nani aliutengeneza, na ilibeba mifuko mingapi. Nitasoma, na nikiona nilikosea, nitawapigia simu wale wa kamati mimi mwenyewe.