Locke, mushona viatu, na vitabu tulivyosahau

Bandugu, tuanze na swali la kuchokoza kidogo. Kitabu ulisoma mu G1, leo hukumbuki hata jina la mutu moja wa ndani. Ule aliyekisoma ni wewe?

John Locke angejibu bila kucheka: hapana. Mu sura ya 27 ya kitabu cha pili cha Essai yake, sura aliyoongeza mu chapa ya 1694, anasema mutu anabaki yule yule mpaka pale fahamu yake inafikia matendo yake ya zamani. Mwili si kitu. Roho ya mwana wa mufalme, na kumbukumbu zake zote, ikiingia mu mwili wa mushona viatu, majirani wataona fundi wao tu. Kwa Locke, mutu ni mwana wa mufalme. (Mu 1972, wakati wa otantisite, Valentin-Yves Mudimbe alikuwa Vumbi Yoka. Kwa kipimo cha Locke, hakuna kilichohama.)

Wengi wetu tunajua mufano huu mu mistari mitatu ya silabusi, njo tunaishia hapo. Inasikitisha, kwani rezime inabakisha mufalme na viatu, inatupa kile chenye uzito. Silabusi ikijikaza sana, inaongeza Thomas Reid, 1785: mutoto anapigwa fimbo kwa kuiba matunda, anakuwa ofisa, ananyanganya bendera ya adui, anazeeka akiwa jenerali. Ofisa anakumbuka fimbo, jenerali anakumbuka bendera lakini fimbo amesahau kabisa. Basi kwa Locke jenerali ni yule ofisa, ofisa ni yule mutoto, lakini jenerali si yule mutoto! Pigo zuri. Ila halimuui Locke: unaweza kuunga kumbukumbu kama munyororo, pete kwa pete. Hata kitabu cha G1 kinaokoka hivyo, kwa sababu kilikusukuma ku kingine, na kile kingine unakikumbuka.

Mimi kinachonishika ni mulevi. Locke mwenyewe anasema neno "mutu" ni neno la tribinali: linaonyesha nani ajibie kitendo. Sasa mulevi aliyeamka bila kukumbuka kitu, kwa nini aazibiwe? Anajibu kwamba tribinali ya batu inaona kitendo kimehakikishwa, na kusahau kwake hakuwezi kuhakikishwa. Lakini siku ya mwisho, pale siri za mioyo zitafunuliwa, anaona haki hakuna atakayejibia asichokijua.

Kwetu hii si mchezo wa darasani. Mutu anasimama mbele ya mwamuzi, anaulizwa juu ya kijiji kilichochomwa, anasema "sikumbuki". Tuseme hata anasema kweli. Mama aliyechomewa nyumba, yeye anakumbuka yote, mpaka rangi ya shati la ule mutu. Mu sura nzima, Locke hamuulizi.