Fungua Sampu Kwanza

Juzi hapa Olasiti watu walijazana kuisifia pikapu ya Land Cruiser iliyofungwa tabo na giaboksi ya otomatiki. Walisifia rangi ya fedha iliyopigwa kwenye giaboksi, wakasifia gia zake sita, na hakuna hata mmoja aliyelala chini ya gari. Imeniudhi. Rangi haivuti mzigo.

Injini ya 1HZ ya pikapu kama hiyo, ilivyotoka kiwandani, bila tabo, inatoa Nm 285 tu kwa lita zake 4.2. Ukishaifunga tabo na kuiongezea dizeli, giaboksi ya A340 iliyozoea Hilux na Surf itaanza kuteleza kwenye mlima wa kutoka Mto wa Mbu kwenda Karatu. Kwa pikapu ya dizeli ya kazi, chukua A442F ya Land Cruiser 80 ya dizeli, au ya zile 100 za mwanzo. Ina gia nne, na gia nne zinatosha. 1HZ na 1HD-T ya hizo 80 ni ndugu wa tumbo moja, kwa hiyo belhauzing inakaa bila adapta, na adapta ya kuchongesha mtaani mimi siikubali kwenye gari la mtu. Giaboksi ya A750F ni nzuri ndani ya gari lililozaliwa nayo. Ukiihamisha, unahama na kompyuta na nyaya zake zote.

Sasa, ukienda kununua giaboksi iliyotumika, kuna kitu ambacho wageni wa kazi hii hawakitazami kamwe: sumaku za ndani ya sampu yake. Muuzaji atakuchomolea stiki uone oili nyekundu. Oili nyekundu inauzwa kila duka. Tazama kwanza vichwa vya bolti za sampu. Zisizoguswa zina vumbi na kutu ya rangi moja. Zilizofunguliwa zimekwaruzwa pembeni na soketi. Kisha mwambie afungue mbele yako. Giaboksi iliyofanya kazi kwa afya, sumaku zake zimevaa tope la kijivu, laini kama wanja, ukilisugua kwa vidole halikwaruzi. Ukihisi punje au ukaona vipande vinavyong'aa, beringi au planetari zimeanza kulika. Tope jeusi lenye harufu ya kuungua ni pleti za klachi zilizokwisha. Na sumaku zikiwa safi kabisa, huku mwenye mali anaapa haijafunguliwa tangu Japani, ondoka hapo hapo. Hakuna giaboksi inayotembea miaka bila kuacha unga kwenye sumaku.

Dalali mmoja alilijua hilo, akapaka sumaku grisi iliyokorogwa na majivu. Kwa macho ilikuwa sawasawa. Mzee aliyetufundisha kazi akachota kidogo, akakiosha kwa petroli, akakianika juu ya kitambaa cheupe, akapitisha sumaku nyingine chini ya kitambaa. Unga wa chuma huifuata sumaku. Ule ulitulia pale pale. Mzee alikunja kitambaa chake, wala hakuuliza bei. Mafundi wa rika lake hawakutoa neno kwa mteja kabla kitambaa hakijakauka. Leo fundi anapiga picha, anatuma, na anapokea pesa kabla ya kushika spana.

Ukishapata iliyo nzima, usiipe oili ya kubahatisha. A442F inakunywa Dexron III. Oili ya WS waachie wenye A750F. Rejeta ya oili ya nje ni lazima kwenye gari la tabo, yenye feni yake, iliyokaa mbele inapopigwa na upepo, na geji ya joto mbele ya macho ya dereva. Geji ikigusa 120 °C kwenye ule mlima wa Karatu, simama pembeni, weka P, vuta breki ya mkono, na uache injini iendelee kuunguruma mpaka joto lishuke. Ukiizima, pampu ya giaboksi inasimama nayo, na oili iliyochemka inabaki ndani ya toki konveta ikiendelea kuunguza.